Tumbusi Chotara: Jinsi Anavyotokea na Jinsi Anavyochunguzwa

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA ELIMU YA WATU WAZIMA
Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera

Kiongozi wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba redio inasikika mpaka nyuma. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Maneno mageni nitayatamka polepole, nanyi mtayaandika. Mwisho wa somo kuna maswali.

Somo letu la leo ni juu ya tumbusi, ndege yule mkubwa alaye mizoga. Wengine humwita tai mzoga. Tutajifunza jambo moja juu yake, nalo ni hili: pengine tumbusi wa aina moja hupatana na tumbusi wa aina nyingine. Hushika kiota kimoja, wakapata kinda ambaye si wa aina ya baba kamili wala si wa aina ya mama kamili. Kinda huyo twamwita chotara. Andikeni neno hilo: cho-ta-ra. Chotara.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mwalimu, mimi nafuga ng'ombe na kulima migomba. Tumbusi chotara ananihusu nini?" Swali hilo ni zuri. Jawabu lake kwa ufupi ni hili. Aina mbili za tumbusi huelekea kuchanganyika hasa pale aina mojawapo inapokuwa chache, au inapojikuta peke yake ugenini. Na tumbusi wa Afrika wanapungua kwa sababu ya mambo yaliyo mikononi mwa watu, na kwanza kabisa ni sumu. Basi sasa tulieleze jambo hili hatua kwa hatua.

TUMBUSI TUNAOWAONA

Nyote mmepata kuwaona tumbusi wakizunguka juu angani pasipo kupiga mabawa. Huinuliwa na hewa yenye joto itokayo ardhini. Kwa hiyo asubuhi na mapema, ardhi ikiwa bado baridi, hukaa tu wakingoja. Jua likipata nguvu huruka, wakatazama chini kutafuta mzoga. Mmoja akishuka, wa pili humwona naye hufuata, na wa tatu humfuata wa pili. Kwa muda mfupi wamejaa.

Katika mkoa wetu wa Kagera ziko hifadhi za Taifa zilizotangazwa mwaka 2019, nazo ni Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Kabla ya hapo yalikuwa mapori ya akiba. Jina la hiyo ya mwisho latukumbusha Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe aliyewapokea wasafiri wa Kiingereza, Speke na Grant, mwaka 1861. Ng'ambo ya mto Kagera iko hifadhi ya Akagera katika nchi ya Rwanda, na kaskazini ni Uganda. Mtu akitaka kuvuka pale Murongo hana budi kuonyesha hati zake. Tumbusi havuki kwa hati. Aliyelala Tanzania aweza kula Rwanda mchana, na jioni akarudi kulala Tanzania.

Katika Tanzania ziko aina kadhaa za tumbusi. Leo tutaje nne.

Wa kwanza ni tumbusi mgongo mweupe. Akiwa mzima ana rangi ya kahawia hafifu, mdomo mweusi na jicho jeusi. Akifungua mabawa yake, weupe huonekana mgongoni kuelekea mkia. Hujenga kiota juu ya miti.

Wa pili ni tumbusi wa Rüppell. Jina hili alipewa kwa kumkumbuka Mjerumani Eduard Rüppell, aliyesafiri kaskazini-mashariki ya Afrika katika karne ya 19. Ndege huyu akiwa mzima, manyoya yake ni ya rangi ya giza yenye kingo nyeupe, hata mwili wake huonekana kama una magamba ya samaki. Mdomo wake ni wa rangi ya pembe, na jicho lake ni la manjano. Yeye hujenga kwenye magenge, yaani kuta za majabali. Katika Tanzania wengi hujenga kwenye magenge ya milima ya Gol, karibu na Serengeti. Huyu ndiye ndege aliyepata kuonekana juu kuliko ndege wote. Mwaka 1973 mmoja aligongana na eropleni juu ya mji wa Abidjan, Afrika ya Magharibi, kwenye kimo cha mita 11,300. Kilimanjaro una mita 5,895. Basi alikuwa karibu mara mbili ya kimo cha Kilimanjaro.

Wa tatu ni tumbusi mdogo, mwenye uso mtupu usio na manyoya, na kisogo chenye manyoya mafupi kama kofia ya sufi. Huyu hupenda kukaa karibu na machinjio na majalala.

Wa nne ni tumbusi mkubwa mwenye ngozi iliyojikunja shingoni. Mdomo wake una nguvu za kupasua ngozi ngumu ya mzoga ambayo wenziwe hawaiwezi.

Yule ndege mrefu mwenye miguu myembamba na mfuko shingoni, aitwaye kongoti, ingawa naye hula mizoga, si tumbusi. Yeye ni wa jamaa ya korongo.

Hao wawili wa kwanza, mgongo mweupe na Rüppell, ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukoo huo una aina nane duniani, katika Afrika, Ulaya na Asia. Wataalamu wamechunguza chembe zao za urithi, yaani vile vitu vidogo mno ndani ya mwili ambavyo mtoto huvirithi kwa baba na mama. Wameona kwamba aina hizi zilitengana si zamani sana kwa hesabu ya maumbile. Ni kama watoto wa ndugu waliohamia vijiji mbalimbali, na sura zao bado zafanana.

MAANA YA CHOTARA

Wafugaji wa Karagwe na Kyerwa wanalijua neno chotara kwa ng'ombe. Ng'ombe wetu wa Ankole, mwenye pembe ndefu, akipandishwa na dume la Friesian, huzaa ndama chotara. Ndama huyo akikua huweza kutoa maziwa mengi kuliko mama yake, lakini pengine hustahimili maradhi na kiangazi kidogo kuliko yeye.

Lakini angalieni. Ankole na Friesian wote ni ng'ombe. Ni aina moja yenye koo mbili, nao watu ndio waliowakutanisha. Punda na farasi ni mbali zaidi kuliko hivyo, kwa kuwa wao ni aina mbili. Mtoto wao ni baghala, mnyama hodari wa kubeba mizigo, lakini kwa kawaida hazai.

Tumbusi wa ukoo mmoja wako katikati ya mifano hii. Ni aina mbalimbali kama punda na farasi, lakini undugu wao ni wa karibu. Kwa hiyo yai lao laweza kuanguliwa na kinda akakua. Na hapa sisemi juu ya ndege waliofungiwa pamoja na watu. Nasema juu ya ndege walio huru porini, waliochaguana wenyewe.

KWA NINI HAWACHANGANYIKI KILA SIKU?

Mmewaona tumbusi wa aina tatu au nne wakila mzoga mmoja. Wanasukumana na kupigana, lakini jioni kila mmoja huenda kwake. Kwa nini hawachanganyiki? Viko vizuizi vitatu.

Kizuizi cha kwanza ni mahali. Mmoja hujenga mtini, mwingine gengeni. Wakati wa kuzaa, kila mmoja huwa kati ya wenziwe.

Kizuizi cha pili ni majira. Aina mbili zikianza kutaga katika miezi mbalimbali, huyu anapotafuta mwenzi yule mwingine tayari anaatamia yai.

Kizuizi cha tatu ni mazoea ya uchumba. Dume na jike huruka pamoja, mmoja nyuma ya mwenzake, hugeuka pamoja, hukaa pamoja. Kila aina ina namna yake, na kila ndege humtafuta anayefanana na wale aliokua kati yao.

Vizuizi hivi vina nguvu, lakini si ukuta wa mawe. Vinategemea jambo moja, yaani kuwapo kwa wenzi wa kutosha. Hebu tufanye jaribio dogo. Kiongozi wa darasa, chukua kikapu na punje 100 za maharage. Kwanza tia nyekundu 50 na nyeupe 50. Mtu afumbe macho atoe punje mbili mbili. Mtaona kwamba nyekundu hukutana na nyekundu mara nyingi. Sasa rudisha zote, halafu utie nyekundu 2 tu na nyeupe 98. Nyekundu ya kwanza ikitolewa, ndani zimebaki 99, na nyekundu ni moja tu. Basi nafasi ya kukutana na mwenzake ni moja katika 99.

Tumbusi hachagui akiwa amefumba macho. Lakini akitazama huku na huku asimwone wa aina yake, atafanya nini? Wengine hukaa bila mwenzi. Wengine humchukua jirani.

HABARI KUTOKA NCHI NYINGINE

Jambo hili limeonekana wazi katika Ulaya. Nchi ya Hispania ina tumbusi wa aina iitwayo griffon, ambaye ni wa ukoo uleule wa Rüppell. Huko ziko jozi zaidi ya 20,000. Baridi inapokaribia, vijana wa griffon huvuka mlango wa bahari wa Gibraltar, ambao mahali pembamba una upana wa kilomita 14. Huingia Afrika, wakashuka mpaka Senegali na Mali, na huko hukutana na tumbusi wa Rüppell mizogani. Majira yakigeuka, griffon hurudi kwao, na baadhi ya Rüppell hufuatana nao.

Tangu miaka ya 1990 tumbusi wa Rüppell wameonekana Hispania na Ureno. Fikirini hali ya ndege huyo. Yuko mmoja kati ya maelfu. Magenge yapo, mizoga ipo, jamaa wa ukoo wapo, lakini wa aina yake hayupo. Huko Ureno wachunguzi wamepata kumwona Rüppell akishika kiota pamoja na mwenzi wa aina ya griffon. Kizuizi cha mahali hakikuwako, kwa sababu wote wawili hujenga gengeni.

Mfano wa pili si wa tumbusi, bali ni wa tai. Ziko aina mbili za tai wenye madoa, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, ambao huzaa mashariki ya Ulaya, katika nchi kama Poland na Estonia. Tai mkubwa hupenda vinamasi na misitu yenye maji. Watu walipokausha vinamasi ili walime, akawa adimu. Tai mdogo alibaki wengi. Wachunguzi wakaona jozi nyingi za mchanganyiko, na mara nyingi mama ni wa aina kubwa na baba ni wa aina ndogo. Watoto wao wanaweza kuzaa. Kwa hiyo damu ya tai mkubwa imo ikiyeyuka ndani ya damu ya yule mdogo, kama chumvi kidogo ndani ya sufuria kubwa ya maji. Na jueni kwamba tai hao wadogo huhamia Afrika kila mwaka baridi inapoanza kwao, wakapita juu ya nchi zetu za Afrika ya Mashariki, na kurudi Ulaya baada ya miezi michache. Mvua zinapoanza na kumbikumbi kutoka, tazameni juu. Huenda mmoja wa wageni hao ni chotara.

JE, KUCHANGANYIKA NI KUBAYA?

Tusiseme kwamba chotara ni laana. Kuchanganyika kumekuwako tangu zamani, hata mahali ambapo mtu hakugusa kitu. Katika hifadhi ya Gombe, mkoa wa Kigoma, kima wa aina mbili wamechanganyika. Mmoja ni mkubwa, wa rangi ya samawati iliyofifia, na mwingine ni mdogo mwenye mkia mwekundu. Machotara wao wanaishi vizuri msituni na kulea watoto.

Kwa tumbusi shida iko katika hesabu. Jike hutaga yai moja tu. Yai huatamiwa karibu miezi miwili, na baba na mama hupokezana. Kinda hukaa kiotani miezi minne au mitano. Halafu yapita miaka kama mitano kabla hajawa mzima wa kuzaa. Sasa fanyeni hesabu. Jozi moja ikilea kinda mmoja kila mwaka, kwa miaka 10 itakuwa na makinda 10, kama hakuna aliyekufa. Lakini ikiwa aina imebaki na ndege wachache, na nusu yao wameshika wenzi wa aina nyingine, basi makinda wa aina yao kamili hupungua kwa nusu. Aina iliyokwisha kupunguzwa na sumu hupunguzwa mara ya pili na uhaba wa wenzi.

Na upungufu huo ni mkubwa. Mwaka 2015 chama cha kimataifa cha kuhifadhi viumbe, IUCN, kiliandika tumbusi mgongo mweupe, tumbusi wa Rüppell na yule mdogo mwenye kofia katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016 Darcy Ogada na wenzake walitoa hesabu ya aina nane za tumbusi wa Afrika. Katika aina saba kati ya hizo, upungufu ulikuwa 80 kwa kila 100 au zaidi, kwa muda wa vizazi vitatu vya ndege hao. Katika vifo vilivyoandikwa, 61 kwa kila 100 vilitokana na sumu.

Sumu hiyo yatoka wapi? Mara nyingi fisi au simba amekamata ng'ombe. Mwenye ng'ombe, kwa uchungu, hunyunyiza dawa ya kuua wadudu juu ya mzoga ili mnyama akirudi afe. Fisi huenda asirudi, lakini tumbusi huja mia. Tena wako majangili watiao sumu makusudi, kwa kuwa tumbusi wanaozunguka huwaonyesha askari wa hifadhi mahali alipouawa tembo. Mwezi Juni mwaka 2019, katika nchi ya Botswana, tumbusi 537 walikufa kwa mizoga ya tembo iliyotiwa sumu. Walikuwa wa aina tano. Wengi wao walikuwa mgongo mweupe.

Tusisahau habari ya Asia. Huko India na Pakistani tumbusi walikufa kwa mamilioni tangu miaka ya 1990. Mwaka 2004 ikajulikana kwamba sababu ni dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, waliyopewa ng'ombe. Ng'ombe akifa akiwa na dawa hiyo mwilini, tumbusi amlaye huharibika figo, akafa. Mwaka 2006 India ilikataza dawa hiyo kwa mifugo.

JINSI CHOTARA ANAVYOCHUNGUZWA

Kumjua chotara si kazi ya kutazama mara moja na kusema. Macho yaweza kudanganya. Nitawapa mfano. Tumbusi wa Rüppell aliye kijana bado hana madoa yale ya magamba. Mdomo wake ni wa giza, na jicho lake pia ni la giza. Mtu akimwona atadhani ni mgongo mweupe, au atasema, "Huyu ni nusu kwa nusu." Kumbe ni Rüppell kamili, ila ni mtoto. Tena tumbusi aliyetoka kula ana damu na matope, na rangi yake yote imepotea.

Kwa hiyo mchunguzi mwema hufuata hatua hizi:

1. Hujifunza kwanza sura ya kila aina, tangu kinda mpaka mzima.

2. Hutafuta kiota na kukitazama kwa darubini kutoka mbali, asije akawafukuza wazazi. Hangoji kuona tumbusi wawili wamekaa tawi moja tu. Hungoja awaone wakipokezana kuatamia na kumlisha kinda.

3. Hupiga picha na kuandika tarehe, saa na mahali.

4. Kinda akikaribia kuruka, wataalamu wenye kibali humvisha pete mguuni au kibandiko chenye namba kwenye bawa. Wengine huvishwa mgongoni chombo kidogo kinachopeleka habari kwa setilaiti, na kwa njia hiyo safari yake yajulikana.

5. Huchukua unyoya, au tone la damu, ili chembe za urithi zipimwe. Hapo ndipo shaka huisha.

Nieleze kidogo hatua hii ya tano. Katika chembe za urithi, sehemu nyingine mtoto huzipata kwa baba na mama pamoja. Lakini iko sehemu moja ambayo hutoka kwa mama peke yake. Mchunguzi akiona kwamba sehemu ya mama ni ya aina moja, na sehemu zile nyingine zina alama za aina mbili, atajua kwamba ni chotara, na atajua hata mama alikuwa wa aina gani.

Kazi hiyo imefanywa hapa hapa Tanzania kwa wale kima wa Gombe. Mtaalamu wa Marekani, Kate Detwiler, hakuhitaji kumkamata kima hata mmoja. Yeye na wasaidizi wake walikusanya mavi ya kima msituni, wakapima chembe za urithi zilizomo. Uchunguzi huo, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha jambo la ajabu. Hata wale kima wa Gombe wenye sura ya aina kubwa walikuwa na urithi wa mama wa aina yenye mkia mwekundu. Maana yake, hapo mwanzo madume ya aina kubwa yalifika Gombe yakapata wake wa aina ndogo. Mnaona? Mgeni aliye peke yake alimchukua jirani. Ni kama yule Rüppell wa Ureno.

KAZI YETU SISI

Sasa turudi Karagwe na Kyerwa. Hatuna maabara wala setilaiti mikononi mwetu. Lakini tuna macho, na sasa tuna kalamu. Mambo manne tunayaweza.

Jambo la kwanza, tusitie sumu mzogani. Fisi akisumbua, zizi liimarishwe kwa miti na miiba, ndama walazwe ndani, na mchungaji asiache mifugo nje usiku. Habari ipelekwe kwa ofisa wa wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuua wanyama kwa sumu. Tena sumu hiyo humwua mbwa wako, na mtoto wako akiigusa yaweza kumwua naye.

Jambo la pili, tumwulize Bwana Mifugo kabla ya kumpa ng'ombe dawa ya maumivu. Tumwambie wazi kwamba hatutaki diklofenaki.

Jambo la tatu, tukiona tumbusi wengi wamekufa mahali pamoja, tusiwaguse. Tupeleke habari upesi kwa serikali ya kijiji au askari wa hifadhi.

Jambo la nne, tukiona tumbusi mwenye pete au kibandiko, tuandike namba yake, rangi ya kibandiko, siku na mahali. Mtu asiyejua kuandika alikuwa akiona na kusahau. Wewe uliyejifunza kuandika waweza kuiweka habari hiyo isipotee. Tumbusi aliyevishwa namba nchi ya mbali, akatua juu ya mti karibu na Nkwenda au Kayanga, atajulikana alikofika kwa sababu mtu mmoja aliandika mistari miwili katika daftari.

Na tukiwa na tumbusi wengi wa kila aina, kila mmoja atampata mwenzi wa kwao. Hatuna haja ya kuwazuia kwa nguvu wasichanganyike. Yatosha tusiwaue.

MANENO YA KUANDIKA

Chotara: mtoto wa wazazi wa aina mbili au koo mbili.
Mzoga: mwili wa mnyama aliyekufa.
Genge: ukuta wa jabali.
Kuatamia: kukaa juu ya yai ili kulipa joto.
Chembe za urithi: vitu vidogo mwilini ambavyo mtoto hupata kwa wazazi wake.
Adimu: -chache, -siopatikana kwa urahisi.

MASWALI

1. Tumbusi mgongo mweupe hujenga wapi? Na tumbusi wa Rüppell je?
2. Taja vizuizi vitatu vinavyozuia aina mbili zisichanganyike.
3. Kwa nini tumbusi wa Rüppell aliyefika Ureno alishika mwenzi wa aina nyingine?
4. Kijana wa Rüppell aweza kumdanganya mtazamaji kwa njia gani?
5. Hesabu: Jozi 6 za tumbusi zililea kinda mmoja kila moja kwa mwaka. Jozi 2 kati ya hizo ni za mchanganyiko. Kwa miaka 4, makinda wasio machotara ni wangapi?
6. Zungumzeni darasani: katika kijiji chetu, mtu aliyekamatiwa ndama na fisi afanye nini badala ya kutia sumu?

Kiongozi wa darasa, sasa waweza kuzima redio ili mzungumze. Majibu yaandikwe daftarini kwa herufi zinazosomeka.